Mihogo Iko mu Maji

Hapana, siyo choo. Naona vile mapua yenu inatembea, munaangaliana, kila muntu anangoja mwenzake njo aulize. Siyo choo, siyo panya ya kufa chini ya kitanda, na siyo minye, nilioga. Ni mihogo. Iko pale nyuma ya nyumba mu pipa, niliivundika mu maji, bado haijalegea. Ninyi bamama benzangu munajifanya hamujue hii harufu, ju siku hizi munanunua unga tayari ku soko, nyeupe sawa poda ya mutoto muchanga. Lakini mulikomalia mu hii harufu! Mama zenu balikuwa banawabeba ku mugongo na mikono yenye kunuka hivi, mukanyonya hivi, mukalala hivi. Leo munafunga pua sawa bajukuu yangu. Ule mukubwa, mwenye kusoma, akifika hapa anasimama kule ku barabara, anatia kidole ku pua, anasema na ile sauti yake ya radio: «Tate, hapa kuko mikrobe mingi sana.» Nikamuambia, mikrobe njo ilikomalisha mama yako. Kuja uisalimie.

Minye ile harufu ikinipata, sisikie mihogo. Nasikia mikono ya tate yangu. Hata sasa, na hii uzee, nikifunika pipa nikarudia mu nyumba, nageuka kuangalia nani ameingia nyuma yangu.

Tate yangu alikuwa mama ya mama yangu. Alikaa Kimanga, hapa Uvira, karibu na ziwa, mu nyumba ya matafali ya udongo yenye mulango moja. Bwana yake alikuwa muvuvi, alikufaka mbele minye nizaliwe. Tate alikuwa mwanamuke murefu, wa mifupa mikubwa, na sauti yake ilikuwa sawa mulango yenye kukosa mafuta. Akikusalimia asubuhi, kuku inatoka mbio. Akikupenda, njo anapandisha sauti zaidi. Muntu wa kupita angefikiri mule mu nyumba kuko vita, kumbe anakuambia kula.

Mama yangu yeye alikuwa kule Sange, mu mashamba ya mupunga, kwa baba. Alikuwa mudogo wa mwili, na alikuwa anasema chini-chini, sawa vile kuko mutoto analala mu nyumba. Hata akiwa inje ku jua, hata ku soko, banamuke benzake bakipiga kelele: «Hii samaki bei gani, weye muzimu!», yeye anainama: «Mama, samahani, hii njo bei gani?» Tate alikuwa anamuchekelea. Anakaza ile sauti yake ya mulango, anajaribu kuifanya ndogo: «Mama, samahaaani...» Haikuwezekana. Ilikuwa inatoka sawa mbuzi yenye kukabwa.

Sasa, namna gani nilifika kwa tate. Munajua desturi, haina haja ya kuwaelezea mingi. Mama alibeba mimba ingine, minye nikaachishwa ziwa, nikapelekwa kwa tate nisahau. Nikasahau vizuri sana. Mutoto ule akazaliwa, akatembea, ingine akafuata, minye niko tu kule Kimanga nakula kichwa ya mukeke, ile samaki ya ziwa yetu.

Ju ya nini kichwa ya mukeke? Hapo njo mufungue masikio. Siku nilizaliwa, balinipatia jina ya mama ya tate. Ule muzee alikuwa alikufa kitambo, na kwetu muntu hafe yote, jina yake inatafuta mutoto, inaingia mule, inarudia ku meza. Basi tate akaniita «mama». Siyo namna munaitaka mutoto «mama, kuja hapa» mukimubembeleza. Hapana. Alinisalimia asubuhi na magoti chini: «Mama, ulilalaka muzuri?» Samaki ikiiva, kichwa ni yangu, ju kichwa ni ya mukubwa. Akitaka kuenda ku soko: «Mama, naomba njia.» Nikisema enda, anaenda. Siku moja nilisema hapana, nikaona ameketi kweli, ametua kitunga, kikapu yake, chini, mpaka nikachoka kumuangalia nikasema haya, enda.

Na mama yangu naye, akikuja kututembelea, aliniita «tate». Yeye mwenye kunizaa! Anashuka ku kamio, ile motokari kubwa ya kubeba mupunga, na vumbi ku nyusi, ananipatia mikono mbili: «Tate, tunakusalimia.» Hakuweza kunipiga, hakuweza kunigombeza mbele ya mama yake. Nani anapigaka tate yake?

Jirani yetu Mama Riziki alijaribu. Ule alikuwa anasemea mu pua, na kila neno yake ilianzaka moja tu: «Minye sipendake maneno, lakini...» Kisha maneno inamwangika sawa mafuta ya mawese. Akakuja: «Minye sipendake maneno, lakini mujukuu yako alikula samaki yangu ndogo-ndogo, ndakala, yenye nilianika ku muchanga. Umupige.» Tate akamuuliza: «Weye unapigaka mama yako?» «Hapana.» «Basi minye pia.» Mama Riziki akabaki anafungua mudomo na kufunga, sawa ile ndakala nilikuwa nimekula.

Sasa batu bakubwa balikuwa banacheza. Kila muntu alijua ni kuchezeana, ni heshima ya jina, na ni kuchekeshana. Muntu moja tu hakujua. Minye.

Minye nilisadiki kabisa. Nilikuwa naketi ku mulango ya nyumba naangalia ile mwanamuke murefu anapasua kuni, nafikiri: kumbe ile yote ilitoka mu tumbo yangu! Siku moja nikamuuliza: «Nilikuzaaka wakati gani?» Hakucheka hata kidogo. Alitua shoka. Akasema: «Mu masika. Mvua ilinyesha mpaka muto ikakuja ku mulango. Ulilia sana.» Nikauliza: «Nilikunyonyesha?» Akasema: «Ulininyonyesha mpaka nikakuluma, ukanitupa chini.» Nikaenda nyuma ya nyumba, nikajiangalia kifua. Hakukuwa kitu. Nikafikiri: ehe, alimaliza yote.

Na kazi yangu ya kuwa mama yake ilikuwa moja, lakini ilikuwa kubwa. Mihogo.

Tate aliishi na ile mihogo. Ya uchungu, ya mulima, ile ukikula bila kuvundika inakuua. Analeta ku kichwa, anamenya, anatia mu pipa na maji, anafunika na majani ya ndizi na jiwe juu. Kisha inangoja. Ikitoka mbele ya wakati, ina sumu na ni ngumu, haisagike. Ikipita wakati, inaoza, inakuwa uji. Kuko saa yake katikati, na ile saa haisemake. Ni kidole njo inajua. Unatia mukono mu maji, unatafuta muhogo munene, unaufinya katikati na kidole gumba. Ukipasuka pole, sawa mukate, iliiva.

Basi tate alikuwa ananiita kutoka kule nyuma, Kimanga yote inasikia: «Mamaaa! Kuja unifinyie!» Anasema kidole yake ilikufa, ju ya kazi, ju ya uzee, haisikie tena kitu. Ananionesha ile kidole gumba yake, pana sawa kijiko, anaipiga ku ukuta, pa! pa!: «Unaona? Muti.» Anapindua jiwe, napanda juu yake, natia mukono mpaka ku bega, uso inagusa maji, harufu inaniingia mpaka mu ubongo. Nafinya. Nafunga macho, ju niliona mafundi banafungaka macho. Nikisema «bado», anafunika bila kuuliza. Nikisema «iliiva», anapiga makofi, anapiga kelele: «Mama amesema!» Kisha tunatosha mihogo mu maji, tunavuta ile kamba ya katikati, tunakamua, tunaenda kutandika ku mawe kule juu. Tunakimbia, ju jua ya Uvira munaijua, iko sawa muntu ya biro, ya ofisi, inarudia kwake mapema, inaingia nyuma ya milima ungali unatafuta fasi ya kutandika.

Minye nilisadiki bila kidole yangu hakuna bugali mu ile nyumba. Nilikuwa nasikia huruma sana. Nilikuwa nikienda kucheza ku ziwa na batoto, nikikumbuka mihogo iko mu maji, naacha mchezo, narudia mbio. Wenzangu: «Unaenda wapi?» «Niko na mutoto ku nyumba.» Mutoto yenyewe iko na mvi.

Basi siku ile mama alikuja.

Alishuka ku kamio sawa kila mara. Vumbi ku nyusi. Kikwembe ya kubebea mutoto ilikuwa imefungwa ku kifua, fundo yake pale juu, sawa kila mara. Nikazunguka nyuma kuangalia kadada kangu, ule mudogo, nimuvute kidole ya muguu. Nyuma hakukuwa mutoto. Kikwembe ilikuwa inaningʼinia tu, imelegea, sawa mufuko yenye kutoshwa mupunga. Nikauliza: «Mutoto iko wapi?»

Mama aliangalia chini. Tate njo alijibu, na mara ile sauti yake ilikuwa ndogo, nikashangaa ilitoka wapi. Alisema: «Alibakia.»

Nikaelewa alibakia Sange. Na kweli, alibakia Sange, mu udongo, chini ya muti ku shamba ya baba, lakini minye hiyo sikujua. Nilifikiri mama ni mujinga kidogo, amesahau mutoto lakini amekumbuka kikwembe.

Balikaa nyuma ya nyumba, karibu na pipa. Tate alikuwa anamenya mihogo ingine. Mujomba, ndugu mukubwa ya mama, alikuwa naye amefika, ule wa kusafisha koo mbele ya kila neno sawa katekista mbele ya kanisa: «Hm-hm. Hm-hm. Tuko hapa.» Tunaona muko hapo, baba, sema! Na Mama Riziki alikuwa ku lupango yake, ile ua ya pembeni, anajifanya anafagia, fagio iko fasi moja tu.

Mama hakunywa maji yenye balimupatia. Alisema, chini-chini, kila muntu akanyamaza ju amusikie: «Mama, kule nyumba imenyamaza. Bwana anaenda ku shamba, kijana anafuata baba yake. Minye nabaki naangalia ukuta. Nilikuja kuomba mutoto yangu.»

Nikatafuta mutoto yake ni nani. Kisha nikaona bote bananiangalia.

Tate aliendelea kumenya. Kisu ilikuwa inaenda tu, krr, krr, ganda inaanguka. Muelewe sasa, ninyi benye muko na bajukuu ku nyumba. Ule mwanamuke alikuwa pekee yake. Bwana hakuna. Bavijana yake balioa, kila muntu ku nyumba yake. Mu nyumba ile kulikuwa sauti mbili, yake na yangu. Na pale mbele yake kuko mutoto yake mwenyewe amebeba kikwembe ya bure. Kama ananitoa, anabaki na kuku. Kama ananikatalia, mutoto yake anarudia ku ukuta.

Mujomba akataka kufungua ile hewa, kucheka kidogo. «Hm-hm. Hii neno siyo yetu. Mwenye nyumba iko hapa. Tumuulize mukubwa.» Akanigeukia, akainama mpaka kofia ikaanguka: «Muzee wetu, unasema namna gani? Mujukuu yako anataka kukupeleka Sange.»

Minye nikasimama. Nikatia mikono mu kiuno. Na sauti yenye nilitosha siyo yangu, ilikuwa ya tate, mulango yenye kukosa mafuta, ju hata siku ile nilikuwa nimeanza hii ugonjwa yangu ya kuiba sauti ya bantu: «Siendi popote! Mihogo iko mu maji! Nani atafinya?»

Ee, balicheka! Mujomba alicheka mpaka akakosa koo ya kusafisha. Mama Riziki aliangusha fagio, kule nyuma ya lupango, mu pua: «Hn! hn! hn! Minye sipendake maneno, lakini huyu muzee amesema kweli!» Nikajisikia mukubwa sawa mulima.

Mama naye alijaribu. Mudomo yake ilicheka, macho ikabakia pale ilikuwa. Hakunishika mukono, hakunivuta. Desturi ni desturi, na yeye alikuwa muntu ya heshima mpaka ilimuumiza. Akanijibu mu ule mchezo wetu, pole, na kichwa chini: «Ni kweli, tate. Kama kuko mihogo mu maji, minye nitarudia pekee.» Akasimama. Akafungua ile fundo ya kikwembe ku kifua, akaikaza tena vizuri, kuikaza tu, juu ya mugongo yenye haikuwa na kitu.

Tate aliona ile fundo. Minye nilimuona anaiona. Kisu ilisimama.

Mbele niwaambie yenye alisema, muache niwaambie kwanza yenye nilijua nyuma yake, miaka imepita, ju nikimaliza ile sitakuwa na kingine.

Nilienda Sange. Nilikuwa mukubwa, miguu inaburuta, lakini mama alinibeba mu ile kikwembe kutoka ku kamio mpaka ku nyumba, na bantu bakicheka alisema chini-chini: «Munisamehe, mutoto amechoka.» Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimenuna. Nilimunyamazia siku mingi, na yeye alikuwa anaketi karibu na minye, anachagua mawe mu mchele, hasemi kitu, anaweka mchele musafi upande yangu. Njo ginsi alinipata. Hakunikimbilia, alingoja, sawa pipa. Nikajua mikono yake inanuka ganda ya mupunga, na ile pia ni harufu ya mama. Alizaa bengine nyuma yangu, bakaishi, na hakuacha kusema chini. Alizeeka, nikamuleta hapa kwangu Nyamianda, akalala mu hii chumba munaona. Ku mwisho akili yake ilikuwa inatembea kidogo. Akaanza kuniita tena «tate», na mikono mbili: «Tate, tunakusalimia.» Niliitika. Ningefanya nini? Niliitika mpaka siku ya mwisho.

Na tate, alikuwa anatutembelea kule Sange, na kitunga ya unga ku kichwa, sauti inafika mbele yake. Aliniletea kichwa ya mukeke ya kukauka mu majani. Lakini aliniita na jina. Jina tu. Hakuniita tena «mama» hata mara moja, mpaka tukamuzika. Nilikuwa nangoja. Kila akifungua mudomo nilikuwa nangoja.

Kisha, kitambo sana, nimekuwa na batoto yangu, nikakutana na Mama Riziki ku soko, amezeeka, pua ingali inafanya kazi. Akanishika mukono. «Minye sipendake maneno, lakini siku ile ulienda, tate yako aliacha ile mihogo mu maji. Ikapita saa yake. Ikaoza, ikakuwa supu, nzi ya Kimanga yote ikahamia kwetu. Nikamuambia: weye mama, hii mihogo haijaiva? Akasema: sijui, mwenye kujua alienda.»

Mama Riziki alicheka akisema ile. Minye nilinunua ndakala yake yote, sikuwa nimeitaka.

Basi. Turudie pale nyuma ya nyumba. Mujomba anapangusa machozi ya kucheka. Mama anakaza fundo. Minye niko na mikono mu kiuno, nangoja tate apige makofi, aseme: mama amesema.

Tate alisimama. Hakuniita nimupandie juu ya jiwe. Alisukuma majani, akatia mukono yake mwenyewe mu maji, akatosha muhogo munene, akaufinya katikati na ile kidole gumba yake ya kufa. Muhogo ukapasuka pole, sawa mukate. Akaniangalia mu macho, na hakupandisha sauti.

«Mama yangu alikufaka. Weye uko mutoto ya huyu. Na mihogo ilikuwa inaivaka mbele uzaliwe.»